Kivuli kisichofika: asimptoti za hiperbola na mgao wa maji Nizwa, Ibra na Sur



Kila yanapozuka mazungumzo juu ya ilimu ya wazee wetu, wa Oman na wa Pwani ya Afrika Mashariki, huwa tunagawanyika mafungu mawili. Fungu moja linasema wazee walijua kila kitu, na kwamba Mzungu alikuja kutuuzia kilicho chetu. La pili linasema wazee hawakuwa na hesabu yoyote ila mazoea tu: mtu alimwona babake akifanya, na yeye akafanya. Mafungu yote mawili yana uvivu mmoja, nao ni kutoitazama kazi yenyewe ilivyokuwa ikifanywa. Basi leo nataka nilichukue suala moja dogo la hesabu za skuli, tena lile ambalo wanafunzi wengi hulikariri bila ya kulipenda: namna ya kupata asimptoti za hiperbola kutoka kwenye mlinganyo wake. Nitalipeleka kwenye mitende ya Nizwa na Ibra, kisha bandarini Sur, tuone lina nini la kutuambia.

Ninachodai ni hiki. Hiperbola ilikuwa ikichorwa ardhini kila siku ya jua na ncha ya kile kivuli kilichotumika kugawia maji ya falaji. Wenyeji hawakuwa na mlinganyo wake, wala haina haja tuwasingizie. Lakini walijua vizuri pahala ambapo kivuli kinaacha kusema kweli, na mgao wao wa maji waliupanga kwa kulizingatia hilo. Pahala hapo ndipo asimptoti zilipo.

Nianze na falaji, kwa faida ya wasioijua Oman ya ndani. Falaji ni mfereji unaoleta maji kwa mteremko wake wenyewe, bila ya pampu, kutoka chini ya ardhi, au kwenye wadi, au kwenye chemchemi, mpaka mashambani. Kiasi cha 3,000 bado zinafanya kazi nchini. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika Urithi wa Dunia: Daris ya Nizwa, Al-Khatmein ya Birkat al-Mawz iliyo karibu na Nizwa, Al-Malki ya Izki, Al-Muyassar ya Rustaq, na Al-Jeela iliyo milimani katika wilaya ya Sur. Nne kati ya hizo, ukiitoa ya Rustaq, zimo katika maeneo haya mawili ninayoyazungumza, Dakhiliyah na Sharqiyah.

Al-Khatmein inajulikana kwa pahala ambapo maji yake yanagawika mikondo mitatu iliyo sawa. Hapo mgao umejengwa kwa mawe na umekwisha. Lakini ndani ya kila mkondo kuna watu wengi wenye haki, na maji yao hayapimwi kwa ndoo, yanapimwa kwa muda. Kipimo mashuhuri ni athar, ambayo kwa kawaida huhesabiwa nusu saa, na athar 24 hufanya badda moja, yaani mchana mzima au usiku mzima. Athar ni mali. Hurithiwa, huuzwa, hukodishwa kwa mnada, huwekwa wakfu kwa msikiti. Ndiyo maana falaji kubwa huwa na wakili wake, na arifu anayesimamia zamu, na daftari. Mtu akipoteza robo ya athar kila mzunguko, mwisho wa mwaka kapoteza maji ya kumwagilia mitende kadhaa. Kwa hivyo swali la "sasa ni saa ngapi?" lilikuwa swali la haki ya mtu.

Kabla ya saa za mkononi kuenea katika karne ya 20, swali hilo lilijibiwa kwa namna mbili. Mchana, kwa kivuli cha mti uliosimamishwa pahala peupe, na alama zikawekwa ardhini. Usiku, kwa nyota, kwa kutazama zinapochomoza au kuzama nyuma ya mlima au ukuta unaojulikana. Vitu hivi viwili tunavizoea kuvitaja pamoja kama vile kimoja ni nakala ya kingine. Lakini kwa nini viwe viwili? Kwa nini nyota zipewe usiku wote tangu mwanzo wake hadi mwisho, na kivuli kisihimili hata mchana wake wote? Jibu limo katika umbo la njia ya kivuli.

Hebu simamisha mti wa mita moja, wima kabisa, kwenye uwanja ulio sawa. Tazama ncha ya kivuli tu, usishughulike na kivuli kizima. Kwa siku moja jua huizunguka mbingu likiwa kwenye umbali ule ule, takriban, kutoka ikweta ya mbingu. Miale inayopita juu ya ncha ya mti tangu asubuhi hadi jioni hufanya umbo la pia, na ardhi huikata pia hiyo. Mkato wa pia kwa uwanja ulio sawa ndio hizo konika tunazosomesha, na kwenye nchi zetu zote, ambako jua huchomoza na kuchwa kila siku, mkato huo ni hiperbola. (Siku mbili za mwaka, mwezi wa Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta yenyewe, pia hiyo inafunguka ikawa bapa, na ncha ya kivuli hufuata mstari ulionyooka.)

Tuiandike sasa. Chini ya mti ndiyo sifuri yetu. Herufi x iwe mita za kwenda mashariki, y mita za kwenda kaskazini, L latitudo ya mji, na m umbali wa jua na ikweta kwa digrii. Ukiandika kwa ncha ya kivuli kwamba m haibadiliki mchana kutwa, unapata:

sin²m (x² + y² + 1) = (sinL − y cosL)²

Nizwa iko latitudo ya karibu digrii 22.93 kaskazini. Tuchukue siku jua linapogeuka, Juni au Disemba, m ikiwa 23.44. Tia namba, panga vizuri, na utapata:

0.690y² − 0.718y − 0.158x² − 0.006 = 0

Huu ndio mlinganyo wa kivuli cha Nizwa. Sasa tutafute asimptoti. Mwanafunzi mwenye haraka atachukua tu 0.690y² na 0.158x², atagawa, atatoa kipeuo cha pili, aseme y = ±0.479x, kisha aweke kalamu chini. Mteremko kaupata sawasawa, lakini mistari kaiweka pasipo pake, kwani lile −0.718y amelitupa. Njia iliyo salama ni kukamilisha mraba kwanza:

0.690 (y − 0.52)² − 0.158x² = 0.193

Hapo ndipo tunaposema: upande wa kulia uwe sifuri. Tunabaki na

y − 0.52 = ±0.479x

Mistari miwili inayokatana kama herufi X iliyolala, na makutano yake yako sentimita 52 kaskazini ya mti.

Kwa nini tuna ruhusa ya kuitupa ile 0.193? Kwa sababu haikui, na wenziwe wanakua. Kivuli kinapokuwa mita moja upande wa mashariki, kati ya njia yake na asimptoti kuna sentimita 23. Kikifika mita 10, zinabaki sentimita 3. Kikifika mita 100, ni milimita 3. Hazitakutana, lakini hakuna mtu mwenye macho ya kuzitenganisha. Hilo ndilo neno la Kigiriki linavyosema, asumptotos, visivyoangukiana.

Sasa njoo tusome namba hizi kwa Kiswahili cha shambani. Mteremko wa 0.479 ni pembe ya digrii 25.6. Na Nizwa jua la mwisho wa Juni huchomoza digrii 25.6 kaskazini ya mashariki, na la mwisho wa Disemba digrii 25.6 kusini ya mashariki. Si sadfa. Jua likigusa upeo, kivuli kinakuwa hakina mwisho, na kinaelekea kinyume na jua. Kwa hivyo asimptoti zinaonyesha mawio na machweo. Mwanafunzi anayetafuta asimptoti za mlinganyo huu anatafuta, bila ya kujua, jua linatokea wapi na linazamia wapi.

Na ile sentimita 52? Tazama vivuli vya adhuhuri. Disemba, kivuli cha mti wa mita moja Nizwa ni sentimita 104.9 kaskazini. Juni ni sentimita 0.9 tu, tena kusini, kwani Nizwa, Ibra na Sur zote ziko kusini kidogo ya Tropiki ya Kansa, na kwa Nizwa jua hupita kaskazini ya utosi toka kama tarehe 9 Juni mpaka mwanzoni mwa Julai. Katikati ya alama hizo mbili ni wapi? Ni sentimita 52 kaskazini ya mti. Tulipoinua miraba kwenye ule mlinganyo, alama ya kujumlisha na ya kutoa ya m ilipotea, ndipo Juni na Disemba zikawa matawi mawili ya hiperbola moja, yakitazamana, na kitovu chao kimoja. Kwa hiyo mtu mwenye subira ya miezi sita anaweza kuzichora asimptoti bila ya mlinganyo wowote: aweke alama ya adhuhuri ya Juni, aweke ya Disemba, agawe katikati, kisha kutoka hapo achore mistari sambamba na njia ya mawio na ya machweo.

Neno "sambamba" hapo naomba mlishike. Asimptoti haipiti chini ya mti. Mstari wa mawio unaopita kwenye mti na asimptoti yenyewe vina mwelekeo mmoja, lakini kati yao kuna sentimita 47, leo na daima. Mwelekeo ni kitu kimoja na mahali ni kitu kingine, na makosa mengi ya mtihani yanatokana na kuvichanganya.

Turudi kwenye maji. Chukua siku ya Machi, njia ikiwa mstari ulionyooka, hesabu ni nyepesi. Nizwa, katika athar ya kwanza baada ya adhuhuri, ncha ya kivuli husogea sentimita 14. Saa moja kabla ya machweo iko mita 4 mashariki. Nusu saa baadaye iko mita 8 na robo. Na athar ya mwisho inakwenda kutoka mita 8 na robo mpaka kusiko na mwisho. Athar zote hizo ni nusu saa ile ile, maji yale yale, thamani ile ile sokoni. Lakini ya kwanza inatosha kwenye upana wa kiganja kilichokunjuliwa, na ya mwisho haitoshi katika shamba wala katika Oman nzima. Tena kadiri kivuli kinavyorefuka ndivyo ncha yake inavyofifia, mpaka huwezi kusema imekwishia hapa au hatua moja mbele.

Basi alama za ardhini haziwezi kuzifunika athar za kingo. Hakuna arifu, hata awe mwerevu vipi, atakayeweka jiwe la mwisho la kivuli, kwa sababu jiwe hilo halina pahala pa kukaa. Hiyo ni hukumu ya asimptoti, na haibadiliki kwa kurefusha mti wala kwa kuufupisha, maana ukirefusha mti picha nzima inakua kwa kiasi hicho hicho. Kilichobaki ni kubadilisha kipimo, nacho kikabadilishwa: kivuli kinapoharibika, upeo ndio unaoshika kazi. Machweo yenyewe ni alama, na nyota zinazochomoza na kuzama ni alama, na alama hizo zote ziko kwenye upeo, pale pale kivuli kilipokimbilia. Katika falaji kadhaa mzunguko umepangwa hata aliyepata maji mchana awamu hii ayapate usiku awamu ijayo, na mpango wa namna hiyo unagawa taabu ya usiku na pia shaka ya kipimo, isimwangukie mtu mmoja kila mara.

Je, haya ni hesabu? Mimi nasema ni ujuzi wa kikomo cha kipimo, na ujuzi huo ni sehemu ya hesabu iliyo ngumu kuisomesha kuliko mlinganyo. Lakini mlinganyo wenyewe ni jambo jingine, na una historia yake, ambayo nayo inatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Asimptoti za hiperbola zimo katika kitabu cha pili cha Konika cha Apollonius wa Perga, aliyeandika karibu mwaka 200 kabla ya Masihi. Konika ilikuwa na vitabu vinane. Vinne vya mwanzo vimebaki kwa Kigiriki. Cha tano, cha sita na cha saba vimebaki kwa Kiarabu tu, na cha nane kimepotea. Vilivyobaki vilitafsiriwa Baghdad karne ya 9, kwa juhudi za ndugu watatu wanaojulikana kama Banu Musa, na mfasiri wa vile vitatu alikuwa Thabit bin Qurra, aliyefariki mwaka 901. Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alipochapisha Konika huko Oxford mwaka 1710, vitabu hivyo ilimbidi avitoe kwenye Kiarabu.

Na angalieni majina. Wafasiri waliiita hiperbola qat' za'id, mkato uliozidi, na duaradufu wakaiita qat' naqis, mkato uliopungua. Ni tafsiri ya moja kwa moja ya Kigiriki: eneo fulani linazidi au linapungua likipimwa na jingine. Sasa zaidi na nakisi ni maneno ya nani? Bibi wa Ng'ambo anayauliza na kuyajibu sokoni kila siku. Tunahangaika kutunga istilahi za hesabu kana kwamba tunaanza kwenye jangwa, na maneno ya Baghdad yamo vinywani mwetu toka zamani, yakifanya kazi ya kupimia mchele.

Uhusiano wa konika na kivuli nao haukuwa siri kwa wataalamu hao. Mjukuu wa Thabit, Ibrahim bin Sinan (909–946), aliandika juu ya ala za kivuli na pia juu ya namna ya kuchora mikato mitatu ya pia. Al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya vivuli, ndani yake nyakati za sala. Al-Sijzi, karne ya 10, aliandika risala juu ya mistari miwili inayokaribiana daima na isikutane. Karne ya 12 Musa bin Maymun, tabibu na mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyeishi Misri, aliitoa mistari hiyo hiyo kuwa mfano wa jambo ambalo akili inalithibitisha na dhana inashindwa kulipiga picha. Na mwaka 1371 Ibn al-Shatir aliitengenezea saa ya jua Jamii ya Umawi ya Dimishki, jiwe lenye mistari iliyopinda ya jua la kiangazi na la kipupwe: yale matawi yetu mawili, Juni na Disemba, yamechongwa.

Lakini zingatieni: hakuna hata mmoja katika hawa aliyeandika 0.690y² − 0.718y na kadhalika. Apollonius alisema kwa maneno na maeneo. Mlinganyo wa herufi kwa ajili ya mstari uliopinda ni kazi ya karne ya 17, kwa Descartes mwaka 1637, kisha Wallis mwaka 1655 aliyezishughulikia konika kwa milinganyo. Kwa hiyo tukimdharau arifu wa Ibra kwa kutokuwa na mlinganyo, itabidi tumdharau na Apollonius. Tofauti yao iko kwengine: Apollonius aliuliza kwa nini, akathibitisha, akaandika kwa ajili ya mtu asiyemjua. Arifu alipokea, akatumia, akamwachia mwanawe. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kufichwa kwa ajili ya fahari.

Nende Sur sasa, kwani huko asimptoti ziliingia baharini. Manahodha wa bahari yetu, tangu enzi za Ahmad bin Majid wa Julfar aliyeandika Kitab al-Fawa'id karibu mwaka 1490, waliigawa duara ya upeo sehemu 32, na majina yake ni ya nyota, kila nyota na matlai yake na pa kuzamia kwake. Sehemu moja ni digrii 11 na robo. Nahodha anayetoka Sur kwenda Unguja kwa kaskazi anavuka karibu digrii 29 za latitudo. Je, mielekeo ya kuchomoza haibadiliki njiani? Inabadilika. Kanuni tuliyoipata kwenye asimptoti inasema sini ya pembe ya mawio ni sini ya m igawanywe kwa kosini ya L. Weka Sur, digrii 22.57: jua la Juni huchomoza digrii 25.5 kaskazini ya mashariki. Weka mji wa Unguja, digrii 6.16 kusini: ni digrii 23.6. Tofauti haifiki digrii 2, yaani kiasi cha moja ya sita ya sehemu moja ya dira. Kosini karibu na ikweta ni mvivu, haiondoki upesi kwenye 1. Kwa hivyo kwa nyota zisizokuwa mbali na ikweta ya mbingu, jina moja la mwelekeo liliweza kutumika toka Sur hadi Unguja na likabaki kweli kwa mahitaji ya chombo cha tanga. Kwa nyota zilizo karibu na ncha za mbingu hesabu hiyo haisimami.

Na wenzangu mlioko kaskazini? London, jua la Juni huchomoza karibu digrii 40 kaskazini ya mashariki. Ile X iliyolala inasimama. Ukienda mpaka latitudo ya digrii 66 na nusu hivi, ile cos²L − sin²m, ambayo kwa Nizwa ilikuwa 0.690, inakuwa sifuri. Mkato uliozidi haujazidi tena, umekuwa parabola, na asimptoti hazipo. Ukifika Tromsø, mwezi wa Juni ncha ya kivuli inachora duaradufu na kurudi ilikoanzia: mkato nakisi, jua halichwi. Wale mnaoishi huko, na mnaojadiliana saumu ya kiangazi ifunguliwe lini, mnajadili hasa kutokuwapo kwa asimptoti. Wanazuoni wamelazimika kutafuta kipimo cha badala, wengine wakiegemea mji ulio karibu, wengine saa za Makka. Ni kazi ile ile ya arifu: kipimo kimekoma, haki haijakoma, tafuta kipimo kingine, tena kiwe cha wazi kwa wote.

Ndiyo maana nasema suala hili si la kuchezea. Vijana wetu wa skuli, Ibra na Unguja sawasawa, wanakabidhiwa y = ±(b/a)x kama namba ya simu: ihifadhi, uipige siku ya mtihani. Na kizazi kilichosoma saa kwenye ardhi kinaondoka. Falaji ziko, na nyingi zitaendelea kuwako, lakini zamu zinafuatwa kwa saa ya mkononi. Sililii hilo, saa ya mkononi ina insafu kuliko kivuli, khasa ile athar ya mwisho. Ninachokiona kinapotea ni jicho lililojua kwa nini ile athar ya mwisho ina tabu.

Dawa yake ni rahisi, haihitaji bajeti. Mti wa mita moja uwanjani mwa skuli, na chokaa. Unguja, alama ya adhuhuri ya Juni itaangukia sentimita 57 kusini ya mti, ya Disemba sentimita 31 kaskazini, na kitovu kitakuwa sentimita 13 kusini. Wanafunzi wapime kwanza, walete namba zao, ndipo mwalimu aandike mlinganyo ubaoni na kukamilisha mraba. Wakiona 0.13 imetoka kwenye hesabu na imo uwanjani, hawatamuuliza tena mtu asimptoti ni za nini. Na wenye miti iliyokwisha simamishwa, popote mlipo, leteni vipimo vyenu vya adhuhuri ya tarehe 21 Juni na 21 Disemba pamoja na latitudo ya mji wenu. Tuviweke pamoja tuone X zetu zinavyosimama kutoka Unguja mpaka Oslo.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam.